Sheria ya Paris, Ardhi ya Chongoleani



Juma hili tunalo swali ambalo hapa Tanga huulizwa barazani, sokoni na pwani pale ngalawa zinapotia nanga, ila ni nadra kulisikia kikaoni. Kampuni kubwa ikija kufanya kazi mahali, ni nani mwenye wajibu wa kuangalia mapema kama kazi hiyo itamdhuru mtu? Na ikishamdhuru, aliyedhurika akagonge mlango wa nani?

Nianze na lililo mbele ya macho yetu. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki linaanzia Hoima, Uganda, na linaishia Chongoleani, kaskazini ya jiji letu. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Linapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, kisha linaingia kwetu Tanga kuteremka hadi baharini. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba hupashwa joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Likifikia uwezo wake wa juu litapitisha mapipa 246,000 kwa siku, yatunzwe katika matangi ya Chongoleani na kupakiwa melini.

Sasa, bomba ni la nani? Asilimia 62 ya hisa ni za TotalEnergies ya Ufaransa. Shirika la mafuta la Uganda lina 15, shirika letu la mafuta, TPDC, lina 15, na CNOOC ya China ina 8. Maana yake ni kwamba mwenye sauti kubwa katika bomba linaloishia Tanga ana makao yake makuu Paris. Ndiyo sababu leo, kutoka Chongoleani, itatubidi tufike hadi Paris.

Mwaka 2017 ulikuwa na mambo yake. Tarehe 27 Machi, Ufaransa ilitunga sheria inayozilazimisha kampuni zake kubwa kuangalia haki za watu na mazingira popote zinapofanya kazi duniani. Tarehe 26 Mei, serikali za Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa bomba. Julai, Bunge letu likapitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake, ambayo pamoja na mengine inasema kwamba mamlaka hayo hayawezi kupelekwa mbele ya mahakama au baraza lolote la nje. Na tarehe 5 Agosti, Rais Magufuli na Rais Museveni wakaweka jiwe la msingi pale Chongoleani. Mambo manne ndani ya miezi mitano, na hakuna aliyeyaweka mezani pamoja ayaangalie kwa mara moja. Naomba leo tufanye hivyo.

Hiyo sheria ya Ufaransa ilitokana na msiba. Tarehe 24 Aprili 2013, karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka. Ndani yake vilikuwamo viwanda vya kushona nguo. Waliokufa walizidi 1,100, wengi wao mafundi cherehani wanawake. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na bado asubuhi ile wafanyakazi wakaambiwa wapande juu wakaendelee na kazi. Katika kifusi zikakutwa lebo za maduka makubwa ya Ulaya. Wenye lebo walipoulizwa, wengi walijibu kwamba kiwanda si chao, wao walinunua nguo tu.

Sheria ya Ufaransa inakusudia kuufunga mwanya huo. Inazihusu kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 5,000 ndani ya Ufaransa, au 10,000 ukihesabu na walioko nje. Kampuni ya namna hiyo lazima iandae mpango na kuutangaza hadharani. Kwanza iorodheshe hatari ambazo shughuli zake, za kampuni tanzu na za wanaoiuzia bidhaa au huduma zinaweza kuleta kwa watu na mazingira. Kisha iwe na njia ya kuwakagua washirika wake mara kwa mara, hatua za kuzuia madhara, mahali pa mtu kupeleka malalamiko, na utaratibu wa kupima kama hatua hizo zinafanya kazi. Isipofanya, inaandikiwa barua ya kudaiwa. Ikipita miezi mitatu bila jibu la maana, inapelekwa mahakamani. Na mtu akidhurika kwa sababu ya uzembe huo, ana haki ya kudai fidia.

Wazo lenyewe halikuanzia Ufaransa. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uliidhinisha kanuni elekezi za biashara na haki za binadamu, zilizoandaliwa chini ya Profesa John Ruggie. Zinasema mambo matatu: serikali ilinde watu, kampuni iheshimu haki zao, na aliyedhurika apate nafuu. Tatizo ni kwamba kanuni elekezi hazimfungi mtu. Kampuni zilizitia katika vitabu vyao vya kila mwaka vyenye picha nzuri, mambo yakaishia hapo. Ufaransa ndiyo iliyotangulia kuufanya wajibu huo kuwa sheria yenye upana wa namna hii. Ujerumani ikafuata kwa sheria iliyoanza kazi Januari 2023.

Tuitazame basi hiyo sheria ya Ufaransa ilipopelekwa kazini, maana bomba letu lilikuwa miongoni mwa mitihani yake ya mwanzo kabisa.

Juni 2019, mashirika mawili ya Ufaransa, Les Amis de la Terre na Survie, pamoja na mashirika manne ya Uganda, yaliiandikia Total barua ya kuidai. Hoja zao zilikuwa juu ya visima vya Tilenga kule Uganda na juu ya bomba hili: kwamba watu wamezuiwa kutumia ardhi yao kabla ya kulipwa, na kwamba mpango wa kampuni haukuzitaja hatari hizo ipasavyo. Oktoba mwaka ule ule wakafungua kesi Nanterre, nje kidogo ya Paris. Kampuni ilikana madai, na inaendelea kusema kwamba inafuata viwango vya kimataifa.

Januari 2020 mahakama ya Nanterre ikasema shauri hili si lake, liende mahakama ya biashara. Rufaa ikakatwa, ikashindwa. Desemba 2021 mahakama ya juu ikasema hapana, mahakama ya kawaida ina mamlaka. Jalada likahamia Paris. Na tarehe 28 Februari 2023, baada ya zaidi ya miaka mitatu, mahakama ya Paris ikalitupa shauri. Kisa? Madai yaliyofikishwa mbele yake yalikuwa yametofautiana mno na yale ya kwenye barua ya 2019. Mahakama haikusema kampuni ina kosa, wala haikusema haina. Swali la mkulima halikujibiwa.

Juni 2023 ikafunguliwa kesi nyingine Paris, safari hii ya kudai fidia. Waliojitokeza ni wananchi 26 walioguswa na miradi hiyo, na mashirika yaliyowaunga mkono. Wananchi hao ni wa upande wa Uganda.

Kabla hatujashangaa, tupite na Arusha. Novemba 2020 mashirika manne, mawili ya Uganda, moja la Kenya na moja la Tanzania, yalifungua shauri juu ya bomba hili katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ikalitupa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili ya kulalamika, na mahakama ikaona kwamba muda ulianza kuhesabiwa 2017, mkataba wa bomba ulipotiwa saini. Waliofungua shauri wakakata rufaa. Lakini jiulize, mwaka 2017 mkulima wa Handeni angelalamikia nini, wakati hata kigingi kimoja hakijakitwa shambani kwake?

Kwa hiyo Paris walisema barua haifanani na kesi, na Arusha wakasema mmechelewa.

Turudi nyumbani sasa. Asilimia 80 hivi ya bomba iko Tanzania, lakini katika majina yale 26 yaliyofika Paris, wetu hawamo. Wapo watakaosema ni kwa sababu huku kwetu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Inawezekana kwa sehemu. Wako waliolipwa vizuri, na wako waliochagua nyumba badala ya fedha wakajengewa nyumba bora kuliko walizokuwa nazo. Hayo lazima yasemwe. Lakini ripoti ya Oxfam ya mwaka 2020, iliyotazama nchi zote mbili, na ripoti nyingine zilizofuata, zilieleza na upande huu manung'uniko yale yale: muda mrefu kati ya siku ya mthamini na siku ya malipo, watu kutoelewa hesabu waliyosainishwa, na watu kuacha kupanda mazao ya kudumu kwa kuwa ardhi imeshawekewa alama. Mimi naona sababu kubwa ya kutofika Paris ni nyepesi zaidi: kesi ya Paris inataka karatasi, wakili, lugha ya Kifaransa na miaka. Mtu wa Kilindi ana shamba na jembe.

Wahenga walimaliza maneno: fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria ya Ufaransa ni fimbo nzuri, imechongwa vizuri, lakini iko Paris.

Ya kwetu je? Tusijidharau, tunazo sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema kulipa kwa wakati ni ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, chini ya macho ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mwananchi aliyeguswa na mradi ana pa kushika.

Lakini ziangalieni vizuri. Sheria ya fidia inaanza kazi wakati uamuzi wa kuchukua ardhi umeshapita. Inauliza bei, haiulizi dhara. Tathmini ya mazingira hufanywa mwanzoni, cheti kikatoka, na baada ya hapo mwananchi ni nadra kuisikia tena. Hakuna sheria inayoiambia kampuni: wewe, kila mwaka, utatueleza hapa hapa, kwa Kiswahili, ni akina nani unaoweza kuwadhuru, umefanya nini kuwakinga, na waliolalamika umewajibu nini. Pengo liko hapo.

Na pengo hilo hapa pwani ni pana kuliko bara, kwa sababu ya namna tunavyoishi. Mthamini huhesabu anachokiona na chenye mwenyewe anayejulikana. Sasa njoo na kitabu chako kwenye shamba la pwani. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, minazi iliyosimama juu yake ya mtu wa pili, na mihogo iliyo chini ya minazi ya mtu wa tatu aliyepewa ruhusa tu ya kulima. Wote watatu wanakula hapo. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, kisha ukazaa umri wa mtu mzima. Fedha ya fidia huingia mara moja, na nyumba yenye watoto wa shule inajua fedha hiyo hukaa muda gani.

Kisha ushuke pwani. Mvuvi wa mishipi hana hati ya bahari. Mwanamke anayeshuka na maji ya bamvua kuchokoa pweza na kuokota kombe hana namba ya kiwanja. Ukijenga gati na kuweka eneo la usalama kwa ajili ya meli za mafuta, mtu huyu amepoteza shamba lake, ila katika jedwali la fidia hana mstari. Na bahari yenyewe si bahari tupu: tangu 2009 pwani hii ina hifadhi ya bahari iliyotangazwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi duniani walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita.

Msinione nazidisha chumvi. Majirani zetu wa Lamu wameyapitia haya. Wavuvi 4,600 walikwenda mahakamani kwa ajili ya bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba uvuvi wao ni haki inayostahili kulindwa na kulipwa, ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, mahakama ya nyumbani, kwa sheria ya nyumbani, ilimsikia mvuvi asiye na hati. La pili, ilimsikia wakati bahari imeshachimbwa. Kampuni na serikali zingelazimika kuuliza mapema, pengine njia ya meli ingepangwa vingine na bilioni zile zisingehitajika.

Hapa petu, hata mlango wa mahakama ulifanywa mwembamba zaidi. Mwaka 2020 sheria ya kudai haki za msingi ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua shauri la namna hiyo aapie kwamba yeye mwenyewe binafsi ameguswa. Maana yake chama au shirika halikuweza tena kusimama kirahisi kwa niaba ya wavuvi wa kijiji kizima. Kila mtu na kesi yake. Kampuni ina wanasheria chumba kizima. Mvuvi ana mashua ambayo siku ya kesi haitoki.

Ndipo narudi kwenye ile sheria ya Julai 2017. Bunge letu lilisema kwa fahari kwamba mamlaka yetu juu ya maliasili hayatajadiliwa katika mahakama za watu. Nakubaliana nalo. Lakini kama utajiri wa nchi hauwezi kuamuliwa ng'ambo, iweje malalamiko ya mwenye nchi yakaamuliwe ng'ambo? Haiwezekani dhahabu na gesi ziwe na uzalendo, halafu mkulima wa Muheza aambiwe hakimu wake yuko Paris.

Na kuna sababu nyingine ya kutotegemea sheria za Ulaya: wenyewe wameanza kuzipunguza. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya pamoja, iliyokusudiwa kuzigusa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000. Haujapita mwaka, wakaanza kulalamika kwamba uchumi ni mgumu na karatasi ni nyingi. Aprili 2025 wakaahirisha kuanza kwake. Desemba 2025 wakakubaliana kuipunguza, ibaki kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 na mauzo ya zaidi ya yuro bilioni 1.5, na kile kifungu cha Ulaya nzima cha kudai fidia kikaondolewa.

Sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kushangaa, historia yetu imeshatufundisha hili. Mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ambayo 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaota mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani. Kazi ilifanywa na manamba, watu walioletwa kutoka Songea, Ubena, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ruvuma, kila mmoja na kipande chake cha siku 30 za kazi. Malalamiko yalipozidi, serikali ya Mwingereza ikaanzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, chini ya Meja Orde Browne, ili iangalie hali za vibarua. Mwaka 1931, bei zilipoanguka duniani, idara ikafungwa ili kubana matumizi. Mkonge ukaendelea kukatwa. Kinga ya mnyonge ikiwa mkononi mwa mtu wa mbali, mwaka wa njaa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Sasa nijibu wenye hofu, kwa maana hofu zao si za kupuuzwa.

Kuna anayesema: mkiweka masharti, wawekezaji watakimbia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunataka apone, ndiyo maana tunauliza. Kampuni ya Ufaransa tayari inaandika mpango huo kila mwaka kwa sababu sheria ya kwao inailazimisha. Kuuandika tena kwa Kiswahili na kuubandika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa Chongoleani hakutaifilisi. Isitoshe, mabenki makubwa kadhaa ya Ulaya na Marekani yalikataa kuukopesha mradi huu, kwa hofu za mazingira, hali ya hewa na haki za watu. Fungu la kwanza la mikopo lilipatikana Machi 2025 kutoka kwa mabenki ya Afrika na taasisi ya Kiislamu ya fedha. Kwa hiyo masuala haya yanaathiri fedha hata pale ambapo sisi hatuyaulizi. Nchi yenye sheria inayoeleweka humpa mkopeshaji jibu. Isiyo nayo humwachia afuate minong'ono.

Mwingine anasema: sheria hizi zitamwangukia mdogo. Huyu ana hoja nzito. Mnunuzi wa Ulaya akibanwa, jambo rahisi kwake ni kuteremsha mzigo chini: dodoso la kurasa nyingi kwa mkulima wa iliki na mdalasini wa Amani, au kwa mama anayelima mwani. Dodoso likimshinda, mnunuzi anahama, anakwenda kununua kwingine. Hapo sheria iliyotungwa kumlinda mama huyu itakuwa imemnyima soko. Dawa yake ni kuandika waziwazi kwamba wajibu unakwenda na ukubwa wa mfuko: anayepanga bei ndiye anayegharimia uchunguzi, na akikuta kasoro, kazi yake ya kwanza ni kusaidia irekebishwe, kuondoka liwe jambo la mwisho. Mama wa mwani ana la kusema kuhusu bei ya kilo, saa anazokaa majini na macho yanayomuwasha kwa chumvi na jua. Aulizwe hayo. Asiulizwe kama ana sera iliyoandikwa.

Na tusiwaangalie wageni peke yao. Shamba la mkonge la Mtanzania, kiwanda cha saruji au cha chokaa, shirika la umma kama TPDC lenye hisa katika bomba, vyote viwe ndani ya sheria hiyo hiyo. Haki ya kibarua haibadiliki kwa pasi ya kusafiria ya tajiri wake.

Basi sheria ninayoiombea iwe hivi. Kila kampuni kubwa inayofanya kazi Tanzania, ya ndani au ya nje, iwajibike kuchunguza madhara kabla ya kuanza na iendelee kila mwaka mpaka siku inapofunga virago. Wasio na hati wahesabiwe: mvuvi, mpangaji, mwenye minazi juu ya ardhi ya mwenzake. Nyaraka ziwe kwa Kiswahili. Kampuni ndiyo yenye karatasi, kwa hiyo yenyewe ithibitishe kwamba ilichukua tahadhari, mwananchi asitwishwe mzigo wa kuthibitisha asichokuwa na uwezo wa kukiona. Wanakijiji waruhusiwe kushtaki kwa pamoja. Na shauri lisikilizwe Mahakama Kuu Kanda ya Tanga, mahali ambapo shahidi anafika kwa daladala.

Hatuanzii sifuri. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikwishafanya utafiti wa msingi juu ya biashara na haki za binadamu, ukatoka 2017, mwaka ule ule niliousimulia. Uganda, mshirika wetu katika bomba, ilizindua mpango wake wa taifa 2021. Mpango ni hatua, lakini mpango haumfungi mtu. Kinachofunga ni sheria.

Namalizia kwa maombi mawili. Wabunge wa mkoa wa Tanga, mnaokwenda Dodoma kwa kura zetu: bomba linaishia kwenu, kwa hiyo hoja hii iwe yenu kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Ipelekeni.

Na wewe msikilizaji uliyepisha mradi, wa bomba au wa kitu chochote, usisubiri sheria. Tunza nakala ya fomu ya uthamini na ya malipo. Andika tarehe mthamini aliyofika na tarehe fedha iliyoingia. Ukilalamika, lalamika kwa maandishi, na udai nakala iliyogongwa muhuri. Kule Paris shauri lilianguka kwa sababu ya karatasi, na Arusha likaanguka kwa sababu ya tarehe. La kwako lisianguke kwa sababu hizo.